Tamaa ya askari mmoja

JUMAMOSI iliyopita nilirudi nyumbani saa mbili usiku nikiwa na njaa, kichwa kikiniuma, na nusu pointi mkononi. Nusu hiyo nimeitolea jasho kwa zaidi ya saa tatu.

Sisi wakazi wa Kisaju, ukishapita Kitengela kuelekea Isinya kwa barabara ya Namanga, hatuna mengi ya kutuburudisha wikendi. Tuna upepo, vumbi na malori. Ndiposa majirani kadhaa tukaanzisha chama kidogo cha sataranji. Hukutana Jumamosi alasiri chini ya paa la mabati, kila mtu na kiti chake cha plastiki, na wapinzani hupangwa kwa kura.

Kura ya juzi ilinipa mzee ambaye ploti yake inapakana na yangu. Kwa miezi kadhaa sasa hatusemezani. Yeye adai kwamba seng'enge yangu imeingia kwake hatua mbili. Mimi nashikilia kwamba bikoni ilikuwa pale pale nilipouziwa. Mara ya mwisho tulipozungumza, tulizungumza kwa sauti ambayo watoto hawakupaswa kuisikia. Na sasa watoto hao walikuwa wamesimama nyuma ya viti vyetu: binti yangu wa gredi ya saba na mjukuu wake.

"Habari ya mchana, mzee," nikasema.

"Nzuri, mama," akajibu, macho yakiwa ubaoni.

Nilicheza na kete nyeupe. Sitaficha: sikutaka kushinda tu, nilitaka kumwaibisha. Kufikia saa kumi na mbili jioni malkia wote walikuwa wamekwenda, na ngome pia. Mimi nilibaki na askofu na askari wawili. Yeye alikuwa na farasi na askari mmoja, tena wa ukingoni. Waliotuzunguka walianza kutikisa vichwa wakimhurumia mzee.

Askari wake huyo alikuwa wazi. Mmoja wangu angeweza kumla, lakini kwa kumla angehamia mstari wa mwisho kabisa wa pembeni. Sikufikiri mara mbili. Nilimla.

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akamtoa farasi wake mhanga akamla askari wangu wa katikati. Nikamla farasi upesi kwa mfalme wangu, nikidhani mzee amechoka. Kumbe! Askofu wangu alikuwa wa miraba myeupe, na kona ambayo askari wangu alipaswa kuifikia ili awe malkia ni nyeusi. Mfalme wa mzee akakimbilia kona hiyo akajikalia. Askofu wangu hakuwa na njia ya kumtoa. Kila nilipomsogelea, ama alirudi konani, ama alikosa pa kwenda bila ya kushambuliwa. Na kwa sheria za sataranji, mfalme asiyeshambuliwa lakini hana hatua ni sare. Nilihangaika hatua nyingi, kisha nikanyoosha mkono.

Wakubwa pia yamewapata. Mwaka 1984 jijini Moscow, Anatoly Karpov na Garry Kasparov waliwania ubingwa wa dunia. Wa kwanza kushinda mara sita ndiye angekuwa bingwa. Karpov aliongoza kwa 5-0, akabakisha ushindi mmoja tu. Ushindi huo hakuupata. Shindano lilisimamishwa Februari 1985 baada ya michezo 48, na 40 kati yake ilikuwa sare. Kasparov, aliyekuwa amefikisha ushindi mara tatu, alichukua taji Novemba mwaka huo katika shindano jipya.

Tulipokuwa tukikusanya kete, mzee aliniambia polepole, "Umecheza vizuri, mama. Lakini yule askari wa pembeni hukumhitaji."

Njiani binti yangu akauliza, "Mama, ulikuwa unashinda. Mbona ukamla?"

"Kwa sababu alikuwepo," nikamjibu. Jibu hilo lilinisumbua usiku kucha, kwani ndilo ambalo ningetoa iwapo mtu angeniuliza kuhusu zile hatua mbili za ardhi. Siku ile ya kuweka seng'enge sikupima. Nilimwonyesha fundi kwa kidole tu.

Jumatatu asubuhi nilibisha hodi kwa mzee. Hatukukumbatiana, wala sikumwomba radhi, kwani sijui bado mwenye makosa ni nani. Tulikubaliana jambo moja: tutamleta mpimaji ardhi, na gharama tutagawana nusu kwa nusu. Huenda akasema seng'enge ni yangu kuihamisha. Nitaihamisha, ingawa itaniuma.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi nimeponea kwenye sare. Wewe msomaji, unaye jirani gani ambaye husemezani naye?