Mkono Uliochora Nao Utajwe

Tulifunzwa shuleni kuwa elimu ya mageuko ya viumbe ni ya Charles Darwin, tukaridhika. Chanda chema huvikwa pete, wala hatumnyimi yake. Lakini hebu tuutazame mkono mzima.

Kabla hajapanda merikebu ya Beagle mwaka 1831, Darwin alijifunza mjini Edinburgh kuchuna ndege na kuwajaza ili wasioze. Mwalimu wake, John Edmonstone, alikuwa mtu mweusi wa Guyana aliyepata kuwa mtumwa. Uzeeni Darwin aliandika habari za maisha yake, akamsifu mtu yule kwa akili na ucheshi, ila jina lake hakulitaja!

Ndege waliokusanywa visiwani Galápagos katika safari ile walipofika London, mtaalamu wa ndege John Gould ndiye aliyembainishia Darwin, mwanzoni mwa 1837, kuwa wale aliowadhani wa koo mbalimbali ni ukoo mmoja. Mke wa Gould, Elizabeth, akawachora juu ya jiwe la kuchapia, picha 50 za kitabu cha ndege wa safari ile. Kazi hiyo si mchezo. Mchoraji hutumia kalamu ya mafuta, tena huchora kinyume, kulia kuwa kushoto, maana karatasi ikigandamizwa picha hugeuka. Na unene wa mdomo ndio unaotenganisha ndege huyu na yule. Mstari ukienda kombo, msomaji kapotezwa. Elizabeth alifariki mwaka 1841, kitabu kikiwa ndiyo kinakamilika. Yeye walau alishukuriwa katika kurasa za mwanzo.

Atasema mtu: walilipwa ujira wao, wataka nini tena? Kweli, Edmonstone alilipwa. Lakini hata Darwin alilipwa kwa vitabu vyake, na hakuna aliyemfutia jina kwa sababu hiyo.

Basi nawasihi mnaotunga vitabu vya sayansi kwa Kiswahili: mwiteni mchoraji mapema, aketi nanyi, amshike mdudu mkononi kabla ya kushika kalamu. Mtajeni penye jalada, si nyuma kwa herufi za sisimizi. Na aliyewaongoza porini msimwite “mwenyeji mmoja”.

Mwanasayansi Alfred Russel Wallace alijitahidi katika hilo. Katika kitabu chake cha 1869 alimtaja Ali, kijana wa Sarawak, na kukiri kuwa ndiye aliyemletea ndege wa ajabu kisiwani Bacan mwaka 1858. Wataalamu wa London wakampa ndege yule jina: Semioptera wallacii.