Ritifaa na Tarakilishi: Mipangilio ya Vihariri Matini ni Suala la Wanakiswahili

Ni jambo lisilopingika kwamba tarakilishi imekuwa kalamu ya mtafiti wa Kiswahili. Tasnifu huandikwa humo, tenzi hunakiliwa humo na kopasi za isimu huhifadhiwa humo. Hata hivyo, tunapoijadili teknolojia, aghalabu mjadala huishia kwenye istilahi: tuseme tarakilishi au kompyuta? Mipangilio ya programu tunazoandikia huachiwa fundi wa mitambo. Maoni yangu ni kwamba mipangilio hiyo ni suala la tahajia na uhakiki wa matini, na kwa hivyo ni suala letu.

Tuanze na ritifaa. Alama hii ndogo ndiyo inayotenga ng'oa na ngoa. Kwa msomaji, ritifaa ni moja tu. Kwa tarakilishi, ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni alama mbili, kila moja na nambari yake. Kwa kawaida Word huipinda mwandishi anapochapa, ilhali vihariri sahili kama Vim na Notepad++ huiacha ilivyo. Mshairi naye akifanya inkisari na kuanza neno kwa ritifaa, Word hudhani anafungua mtajo, ikaipinda upande wa pili. Hivyo basi, utenzi mmoja ukinakiliwa na wanafunzi wenye mipangilio tofauti, huweza kuwa na ritifaa za sampuli tatu. Mtafiti akilitafuta neno ng'ombe kwa sampuli moja, huenda programu yake ya uchanganuzi isimwonyeshe nyingine. Takwimu zake zitapungua, wala hatajua.

Tofauti za mifumo ya uendeshaji huzidisha tatizo. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, lakini Linux na macOS hutumia moja. Hadi mwaka wa 2018, Notepad ya Windows haikuitambua alama hiyo moja. Shairi lililochapwa katika Linux lilifunguka humo mishororo ikiwa imeungana, beti zisijulikane zinapoanzia wala zinapokomea. Usimbaji wa herufi una hatari kubwa zaidi. Chukua mfano wa Utendi wa Tambuka, ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu mwaka wa 1728. Faili yenye nakala ya hati hiyo ikihifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows uliokusudiwa lugha za Ulaya Magharibi, badala ya UTF-8, herufi za Kiarabu hugeuka kuwa viulizi, na faili hiyo haiwezi kuzirejesha tena.

Wapo watakaopendekeza sote tutumie mfumo mmoja. Pendekezo hili halitekelezeki. Mwanafunzi hutumia mashine anayoipata: Windows maabarani, Linux kwa kuwa haina ada, na pengine macOS ya mwenzake. Wengine watasema mipangilio isawazishwe kupitia intaneti. Kweli, Visual Studio Code imekuwa na huduma hiyo tangu mwaka wa 2020. Lakini huduma yenyewe hudai akaunti, tena haimfai mwenzako anayetumia kihariri kingine.

Kwa maoni yangu, suluhisho ni kutenganisha mambo mawili. Rangi, ukubwa wa herufi na vitufe vya mkato ni mapendeleo ya mtu. Kila mmoja apange apendavyo. Yanayogusa matini yenyewe yakubaliwe na wote, na yasafiri pamoja na kazi. Njia ya kufanya hivyo ipo. Faili ndogo iitwayo .editorconfig huwekwa ndani ya kabrasha la mradi, nayo hueleza kwamba usimbaji uwe UTF-8 na mwisho wa mstari uwe wa aina moja. Baadhi ya vihariri huisoma vyenyewe na vingine huhitaji programu-jalizi, lakini faili ni ileile katika Windows, Linux na macOS. Ritifaa haimo katika mamlaka ya faili hiyo. Kwa sababu hiyo, anayetumia Word au LibreOffice sharti azime mwenyewe upindaji wa kiotomatiki, na kila mradi utamke waziwazi ni ritifaa ipi inayotumika.

Hatuanzi safari hii mwanzo. Kamati ya Lugha ya mwaka wa 1930 ilikabidhiwa jukumu la kusanifisha Kiswahili, tahajia yake ikiwemo, ili vitabu vya Afrika Mashariki visigongane. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kamati ilishughulikia kilichochapwa karatasini. Kilinux ikazipa menyu jina la Kiswahili. Kilichosalia ni kusanifisha kinachohifadhiwa ndani ya faili.

Napendekeza idara zetu zifunze jambo hili katika somo la mbinu za utafiti, na kila tasnifu yenye kopasi ieleze usimbaji na ritifaa iliyotumia, kama inavyoeleza mbinu ya kuteua sampuli. Saa moja darasani yatosha. Tukilipuuza, wanaotufuata watarithi matini zisizotafutika, na usipoziba ufa utajenga ukuta.