Funzo la Visima vya Camp Lejeune

Mwezi Agosti 2022 Marekani ilipitisha sheria iliyowaruhusu watu waliokaa Camp Lejeune, kambi ya jeshi katika jimbo la North Carolina, kuidai serikali fidia kwa madhara ya maji yenye sumu yaliyotumika humo kati ya 1953 na 1987. Muda wa kudai ulipokwisha Agosti 2024, madai yalikuwa yamezidi 400,000. Sisi tulio jeshini hatuna budi kujiuliza: yawaje kambi yenye nidhamu inywe sumu miaka yote hiyo?

Sehemu ya jibu imo katika jinsi maji yalivyopimwa. Tangu 1980 sampuli zilichukuliwa kwenye mabomba, ambako maji ya visima vingi yalikwisha changanyika. Tena visima vilisukuma maji kwa zamu; hivyo sumu ilionekana leo, kesho ikatoweka. Mei 1982 bomba moja lilitoa mikrogramu 1,400 za trikloroethilini kwa lita, dawa ya kuondolea grisi kwenye vyuma. Kiwango cha juu kilichowekwa baadaye nchini humo ni 5 tu. Hata hivyo, ilikuwa 1984 ndipo kisima kimoja kimoja kilipopimwa peke yake, na vilivyochafuka vikafungwa kati ya Novemba 1984 na Februari 1985.

Ndiyo sababu leo huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi kuzunguka maghala ya mafuta na karakana. Navyo vina taratibu zake. Kwanza hupimwa kina cha maji. Kisha maji yaliyolala ndani ya bomba huondolewa, kwa kuwa si maji halisi ya ardhini. Desturi ya zamani ni mara tatu ya ujazo wake. Kisima chenye upana wa sentimita 5 na maji ya kina cha mita 10 hubeba lita 20 hivi; basi lita 60 humwagwa mahali salama. Joto na uchachu wa maji vikitulia, sampuli huchukuliwa. Kichupa hujazwa pomoni pasipo povu la hewa, maana sumu za namna hii huruka kama petroli, kisha huwekwa kwenye barafu. Huanzwa kisima kinachodhaniwa safi, humalizwa kichafu, na vyombo huoshwa kila mara. Hati ya makabidhiano hufuatana na kichupa hadi maabara, kama askari akabidhivyo lindo.

Lakini utaratibu peke yake hautoshi. Katika Camp Lejeune onyo lilitangulia, visima vikaendelea kusukuma maji. Sampuli ni ripoti ya doria: kamanda aipokeaye akaiweka mezani amewaacha watu wake mikononi mwa adui. Nchi yoyote yenye kambi na maghala ya mafuta yafaa ipime mapema, ipime kila kisima, na ichukue hatua siku ile ile majibu yanapofika.