Tungo Zetu Haziko Mawinguni

Wapenzi wa lugha na ushairi, naandika kulishutumu neno moja. Ni neno dogo la silabi mbili, nasi tumelitungia masika, huzuni na mapenzi tangu kale. Neno lenyewe ni wingu. Siku hizi tunaambiwa tuhifadhi tungo zetu “kwenye wingu”, na wengine husema “hewani”. Nadai kwamba neno hili, kwa maana yake mpya, linatudanganya, na kwamba watunzi ndio wanaolipia uongo huo.

Nami nimelipa. Nilipostaafu kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari, kijana mmoja alinisaidia kupiga chapa mashairi yangu kutoka madaftarini, akayahifadhi katika akaunti aliyonifungulia. Nilipomuuliza yako wapi, alinijibu, “Yako hewani, Mwalimu, hayapotei.” Nikaridhika, madaftari nikawaachia mchwa. Baadaye simu ikaibwa. Nywila sikuikumbuka, na laini iliyofungulia akaunti ilikuwa imekwisha kufungwa. Tungo 83 zimebaki mahali fulani, na ufunguo sina. Simlaumu kijana, kwani alisema alichofundishwa na neno. Najilaumu mimi, niliyefundisha sitiari kwa zaidi ya miaka thelathini, nisiulize sitiari hii inasitiri nini.

Basi tuitazame safari ya shairi kama ilivyo. Tuseme mtunzi aliyeko Songea anamtumia mwenzake wa Mombasa shairi la beti nane. Simu yake kwanza hugeuza kila herufi kuwa tarakimu, maana mashine hizi hujua 0 na 1 tu. Kisha tarakimu hukatwa vipande viitwavyo pakiti. (Neno kifurushi lingefaa zaidi, lakini kampuni za simu zimekwisha kulichukua.) Pakiti ya kawaida hubeba takriban herufi 1,500, na ubeti mmoja wa tarbia una herufi kama 160, pamoja na nafasi na vituo. Kwa hiyo shairi zima laweza kuenea katika pakiti moja! Akilipiga picha daftari lake na kuituma picha hiyo, pakiti zaweza kupindukia elfu moja. Ndiyo maana picha hula salio kuliko maandishi.

Kila pakiti huandikwa anwani mbili, ya itokako na ya iendako, pamoja na namba ya mfuatano. Simu huirusha kwa mawimbi ya redio hadi mnara ulio karibu. Hapo ndipo penye hewa, na ni mwendo wa kilomita chache tu. Kutoka mnarani, sehemu kubwa ya safari ni ya ardhini, ndani ya mkongo: nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zipitishazo mwanga. Njiani ziko mashine ziitwazo ruta. Ruta husoma anwani, haina haja na shairi, kisha huikabidhi pakiti kwa ruta inayofuata. Pakiti za ujumbe mmoja zaweza kupita njia tofauti na kufika shaghalabaghala. Mashine ya mwisho huzipanga kwa namba zake, na iliyopotea huombwa tena. Kanuni za mwenendo huo huitwa itifaki. Kwa itifaki hizo mitandao mingi, yenye wenyewe mbalimbali, huungana kuwa mmoja. Nao huo ndio intaneti.

Lakini shairi letu haliendi Mombasa moja kwa moja. Aghalabu hupitia kwanza seva ya kampuni yenye programu tunayoitumia. Seva ni kompyuta, wala si kingine. Imekaa katika jengo lenye paa, kufuli, mashine za kupoza joto na ankara ya umeme, na mara nyingi jengo hilo liko Ulaya au Marekani. Ili kufika huko, pakiti hupita chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulitufikia mwaka 2009, na ule wa EASSy ukafuatia mwaka 2010. Kabla yake tulitegemea zaidi setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 juu yetu. Enzi hizo aliyesema “hewani” alikuwa na chembe ya ukweli. Leo hana. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani zetu. Anga ilikuwa palepale. Kilichokatika ni waya.

Angalieni sasa jinsi lugha yetu ilivyokuwa imetutendea haki kabla ya wingu kuingia. Mtandao hutukumbusha kutanda: kitu kimetandazwa, kina nyuzi, na uzi hukatika. Wavuti hutukumbusha wavu wa mvuvi, wenye vifundo vinavyoshikana. Maneno haya mawili si kitu kimoja, ingawa wengi huyachanganya. Mtandao wa kwanza wa aina hii ulipeleka ujumbe wake wa kwanza Marekani mwaka 1969. Wavuti, yaani kurasa zilizounganishwa kwa viungo, ilipendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989, miaka ishirini baadaye. Mtandao ni barabara. Wavuti ni mojawapo ya shehena zipitazo juu yake. Anayeyaelewa maneno haya amekwisha kuelewa nusu ya jambo. Anayelielewa neno wingu ameelewa nini?

Najua majibu yatakayokuja. Wapo watakaosema kwamba wingu ni sitiari tu, na mshairi hapaswi kugombana na sitiari. Nami nasema sitiari njema humulika. Nikimwita shujaa simba, nimekuonyesha ushujaa wake. Nikiliita jengo la mtu wingu, nimekuficha jengo, mwenyewe na kufuli. Wingu halina mwenyewe, halidai nywila, halibadilishi masharti wala halifungi akaunti. Seva hufanya yote hayo.

Wengine watasema kwamba Waingereza nao husema hivyohivyo. Ni kweli, na tuangalie walilitoa wapi. Wahandisi walipochora ramani za mitandao, sehemu ambayo haikuwa lazima kuionyesha kwa undani waliichorea wingu. Maana yake ilikuwa: hapa ndani yamo mengi, usiyashughulikie. Kwa mhandisi ulikuwa ufupisho wa mchoro, naye alijua alichokifupisha. Sisi tumepokea kifuniko bila kuonyeshwa chungu.

Wapo pia watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu, mshairi atunge tu. Hao nawajibu kwa tungo zangu 83.

Napendekeza neno ambalo halihitaji kubuniwa, kwani tunalo: ghala. Tuseme, “Nimeyahifadhi mashairi yangu katika ghala la mtandaoni.” Mara tu neno hilo litamkwapo, bibi yeyote asiyewahi kushika kompyuta atauliza maswali yanayostahili: Ghala la nani? Ufunguo anao nani? Likifungwa, utakula nini? Neno linaloleta maswali ya namna hiyo limefanya kazi ya mwalimu. Wingu huyazima maswali hayo yote, kwa kuwa hakuna aulizaye ufunguo wa mbingu.

Sisemi tuyakimbie maghala hayo. Yana manufaa, na moto ukiunguza nyumba yako leo, nakala iliyo ng'ambo itakuokoa. Nasema tuingie tukijua tumeingia nyumba ya mtu. Nywila iandikwe mahali salama, na mmoja wa jamaa aijue. Nakala ya pili ibaki katika kifaa unachokishika mkononi mwako, na ya tatu ichapwe karatasini. Mchwa ana hila zake, lakini haombi nywila.

Nami namalizia kwa ubeti mmoja. Huu nimekwisha kuuandika daftarini:

Tungo haziko hewani, kama tulivyozoea,
Hupita chini majini, kwa mkongo hutembea,
Zikalala ugenini, mwenyeji kazipokea,
Nakala weka nyumbani, ndiyo ya kutegemea.