Wacheni Kutuambia "Dizeli Hulia Hivyo"

Nitasema hii na mkitaka mnichape: maneno matatu yaliyotugharimu pesa nyingi zaidi kwetu nyumbani ni haya. Dizeli hulia hivyo.

Mimi ni wa Kinangop, karibu na Engineer. (Ndiyo, mji unaitwa Engineer.) Mzee wangu alikuwa na pikapu ya dizeli ya kupeleka viazi Marikiti, Nairobi. Hiyo pikapu ndiyo ilikuwa inanilipia karo. Julai moja ikaanza kugonga ikiwashwa asubuhi. Ko-ko-ko-ko, kama mtu amefungiwa ndani ya injini na nyundo. Mwanzoni ilikuwa sekunde kumi hivi, inatulia. Baada ya wiki kadhaa ikawa dakika nzima. Halafu ukaja moshi mweupe wa kuwasha macho, unanuka dizeli mbichi, na gari yote inatetemeka.

Mzee akauliza jirani mwenye lori. Akauliza mtu wa petroli stesheni. Akaipeleka kwa fundi Nairobi. Wote wakamjibu na ile sauti ya mtu anayejua: mzee, dizeli hulia hivyo.

Shida ni kwamba hiyo ni nusu ya ukweli. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa moto kabisa, dizeli inanyunyizwa ndani na kujiwasha yenyewe. Asubuhi chuma kikiwa baridi kinanyonya ule moto, kwa hivyo dizeli inachelewa kushika. Inarundikana kidogo, ikishika inashika yote kwa mpigo. Ko! Na kwetu tuko kama mita 2,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, Julai baridi inakata masikio. Lazima igonge kuliko ya Mombasa. Hapo sibishani na mtu.

Lakini kugonga kwa kawaida kunapungua injini ikipata moto, na kwa baridi ileile, kwa leo kunafanana na kwa jana. Kukizidi kila wiki, kuna kitu kinakufa. Inaweza kuwa hita plagi, zile zinazopasha silinda kabla hujawasha. Moja ikifa, silinda moja inabaki baridi, ndiyo unaona moshi na mtetemo. Inaweza kuwa nozeli inadondosha dizeli badala ya kuinyunyiza. Tik-tik nyepesi ya juu inayoisha baada ya sekunde mbili tatu, hiyo ni oili ilikuwa bado haijafika kwa tapeti. Piiii ni belti. Kukiwa na kishindo kizito cha chini, du-du-du, kinachofuata mwendo wa injini hata ikiwa moto, zima. Usijaribu kuiendesha mpaka gereji. Ivutwe.

Sasa tugombane. Mnataka kumlaumu fundi, na fundi alisikia nini? Mzee alitoka Engineer alfajiri, akapitia Njabini, akashika barabara kuu pale Flyover, akashusha viazi Marikiti, akafika gereji saa tano. Injini imechemka kama chai, imetulia tulii. Ugonjwa wa asubuhi umepelekwa kwa daktari mchana! Kosa la fundi ni kwamba hakusema, "Iache ilale hapa, kesho nitaiwasha mwenyewe ikiwa baridi." Aliona aibu kusema hajasikia chochote. Hii tabia ya wanaume kujifanya wanajua gari kwa sikio itatumaliza.

Na mimi je? Nilikuwa nyumbani likizo, simu mkononi, narekodi ndugu yangu akidansi nyuma ya hiyo pikapu saa kumi na mbili asubuhi. Video bado niko nayo. Ukisikiza chini ya muziki, ko-ko-ko iko pale, wazi kabisa. Nilikuwa na ushahidi na nikauwekea wimbo.

Nozeli ya tatu ndiyo ilikuwa inadondosha. Ilichoma pistoni ikatoboka, gari ikazima na mzigo kabla ya Flyover. Mzee akachukua mkopo wa injini ya mtumba. Mimi nikaacha chuo mwaka wa pili, tukasema ni kwa muda.

Kwa hivyo mtu akiniambia "ikanyage tu mafuta ipate moto," huwa nakasirika. Oili ingali nzito halafu unaikimbiza? Na wale wanaosikia mlio wa kawaida wakakuambia ni injini yote ifunguliwe, hao wanatafuta pesa za wikendi. Subiri taa ya hita izime ndiyo uwashe. Rekodi kuanzia kabla ya kupiga stata, bila muziki, mbele ya boneti kisha chini. Hesabu sekunde. Angalia rangi ya moshi. Mwambie fundi apime hita plagi na mita kabla hajafungua kitu kingine chochote. Hiyo ni kazi ndogo sana ukilinganisha na pistoni.

Juzi saa kumi na moja asubuhi mzee alinitumia voisi WhatsApp. Sekunde arobaini za injini mpya ikiamka kwa baridi. Hakunisalimia, hakusema neno. Mwishoni tu unamsikia akihesabu polepole, "...thelathini na nane, thelathini na tisa," halafu mlango wa gari unafungwa.