Bushi ya Usukani Nayo Iwekwe Kwenye Bajeti

Mashua ya tanga iliyozeeka huanza kumsumbua nahodha tezini, mbali na tanga lenyewe. Kana inagongagonga kiganjani kila wimbi linapopita, chombo kinayumba hata upepo ukiwa mzuri, na usiku mlio wa chuma kwa chuma unawafikia waliolala omo. Fundi akiitwa hana maneno mengi: usukani unacheza, bushi imekwisha.

Mtu wa Tabora anaweza kuuliza yanamhusu nini, naye anaishi mbali na Ziwa Tanganyika. Yanamhusu sana. Njia ya msafara kutoka Bagamoyo kupitia Unyamwezi hadi Ujiji ilibeba pembe, nguo na shanga, na ikabeba vyombo vya majini pia. Mwaka 1883 mashua ya chuma ya wamisionari wa London, Morning Star, iliwasili Ujiji ikiwa vipande vipande, ikaungwa na kushushwa majini. Miaka tisa kabla yake, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa amepitia Unyanyembe, hapohapo Tabora, alilizunguka Ziwa Tanganyika upande wa kusini kwa mashua mbili alizozipata hukohuko Ujiji, akazibatiza Betsy na Pickle. Kipuri cha chombo chochote cha namna hiyo kilikuwa safari ya miezi. Asiyejua kukarabati alikaa ufukweni.

Baadaye ikaja treni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na juu yake yakapita makasha yapatayo 5,000 yaliyobeba meli nzima iliyoundwa Papenburg, Ujerumani. Hiyo ndiyo Graf von Götzen, ambayo leo kila mtu anaiita Liemba. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoona Kigoma inawatoka, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikutwa katika hali ya kufaa kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina jipya. Karibu miaka minane tangu izamishwe! Wapo wenye magari barabarani ambao hawajawahi kuitia grisi bushi hata moja.

Turudi kwenye usukani. Bushi, ambayo ndiyo beringi ya mhimili wake, huliwa na mchanga, na kutu ya mhimili, na ukavu. Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo cha kisasa: mashua inapandishwa juu, fundi anashika usukani kwa chini na kuutikisa kushoto na kulia. Ukigonga, unashushwa wote. Hapo ndipo wengi huharakisha na kukosea, kwa kuwa wananunua bushi mpya bila kuupima mhimili. Mhimili uliolika upande mmoja utaitafuna bushi mpya, kwa hiyo unakerezwa kwanza, au unajazwa kwa kulehemu kisha ukakerezwa, ndipo bushi ikatwe kwa kipimo chake. Bushi ya juu na ya chini lazima zikae kwenye mstari mmoja, la sivyo kana itakuwa nzito kama jembe kwenye udongo mfinyanzi.

Malighafi nayo ina siri zake. Shaba nyeusi hudumu, ila hudai grisi. Nailoni ni rahisi kupatikana, lakini hunywa maji na kuvimba, na aliyeikaza vizuri nchi kavu hushangaa usukani ukigoma ziwani baada ya siku chache; iachiwe nafasi. Plastiki ya asetali haivimbi kiasi hicho. Meli za zamani zilitumia mti wa lignum vitae kutoka Amerika ya Kati, mgumu kupita kiasi na wenye utomvu wa mafuta ndani yake. Mninga wa Tabora ni sifa ya vitanda na makabati, kazi hii tusiusingizie. Kwenye mashua za mbao usukani huning'inia kwenye rumada, yaani bawaba zake, nazo hulika hadi tundu likawa na umbo la yai. Tundu hilo huchongwa upya kwa upana zaidi na kuvishwa bomba la shaba.

Kazi yote hiyo ni ya mkerezaji mmoja, kipande cha shaba na muda. Tatizo ni kwamba haina utepe wa kukatwa. Meli mpya ina hotuba na picha. Beringi haina hata kifungu chake kwenye makadirio, mpaka chombo kigonge gati ndipo tume iundwe.

Tabora ina chuo cha reli na urithi wa karakana za treni, na kukereza mhimili wa behewa na mhimili wa usukani ni ujuzi uleule. Wamiliki wa vyombo vya Kigoma, wa umma na wa binafsi, wangeingia mkataba wa matengenezo na karakana za mikoa hii miwili, wenye tarehe za ukaguzi na grisi iliyolipiwa mapema. Treni inayounganisha miji hiyo ipo tayari, na mhimili wa usukani unaingia kwenye behewa la mizigo bila shida.