Uchambuzi: Viraka vyageuka fahari Magharibi, Kampala yataka sehemu yake

Nguo zilizoshonwa kwa vipande vya vitambaa vikuukuu zimerejea kwa kishindo katika mitindo ya Marekani na Ulaya. Kwa Uganda na majirani zake, wanaopokea mitumba kutoka nchi hizo hizo, suala si urembo tu, bali ni nani anayevuna thamani ya nguo iliyokwisha kuvaliwa.

Asili ya mtindo huu ni mfarishi, yaani tandiko la matabaka mawili ya kitambaa lililotiwa pamba katikati na kupitishwa nyuzi kila upande ili pamba isihame. Familia za wakulima wa Marekani zilizishona tandiko hizo kwa mabaki ya nguo kuukuu, kwa sababu kitambaa kipya kilikuwa ghali na majira ya baridi hayana huruma.

Leo tandiko limetoka kitandani na kupanda mabegani. Mwaka 2016 mbunifu Emily Adams Bode alianzisha kampuni mjini New York iliyojipatia jina kwa kukata mifarishi ya kale na kuigeuza makoti, ambayo bei yake huweza kupita dola 1,000. Muda mfupi baadaye Raf Simons, akiiongoza Calvin Klein, aliipandisha jukwaani mifarishi sambamba na mashati na viatu vya wachunga ng'ombe wa Marekani. Mwaka 2024 mvuto wa wachunga ng'ombe hao uliongezeka: Januari, Pharrell Williams aliuonyesha mjini Paris katika mavazi ya Louis Vuitton, na Machi, Beyoncé akatoa albamu yake ya Cowboy Carter.

Sifa kwa wengi, faida kwa wachache

Hata hivyo, anayeshona si lazima awe ndiye anayetajirika. Mfano ulio wazi zaidi ni Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na kona ya mto Alabama, ambako wanawake wenye asili ya Afrika, wengi wao vizazi vya watumwa wa shamba la Pettway, wamerithishana ufundi huu. Mwaka 1966, katika vuguvugu la haki za kiraia, wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee ili kuuza kazi zao. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, kama michoro ya wasanii wakubwa.

Sifa ilikuja; mapato yalisuasua. Mwaka 2024 kampuni ya maduka ya Target iliuza bidhaa zenye michoro ya washonaji watano wa Gee's Bend kote Marekani. Kwa mujibu wa taarifa za vyombo vya habari, wanawake hao walilipwa ada ya mara moja, si mgawo wa mauzo. Thamani ilihama kutoka kwenye sindano ikaenda kwenye nembo, mkataba na rafu ya duka.

Rudisha kwa mtumaji

Somo hilo linaonekana kueleweka Kampala. Bobby Kolade, mbunifu aliyekulia Uganda na kufanya kazi katika nyumba za mitindo za Ulaya, alirejea nyumbani na kuanzisha Buzigahill. Kampuni hiyo hununua mitumba, inayojulikana mjini humo kama mivumba, huifumua, huunganisha vipande vya nguo mbalimbali kuwa vazi moja, kisha huliuza kwa wateja wa nchi zilikotoka nguo hizo. Jina la mradi huo halina kificho: Return to Sender, yaani rudisha kwa mtumaji.

Tofauti na Gee's Bend ni kwamba hapa nembo, bei na simulizi vinabaki Kampala. Lakini udhaifu nao uko wazi. Karakana moja haiwezi kumaliza marobota yanayofunguliwa kila alfajiri katika soko la Owino. Aidha, kazi yenyewe inategemea mitumba ile ile inayolaumiwa kwa kudhoofisha viwanda vya nguo, katika nchi inayolima pamba na kuuza nje sehemu kubwa ya pamba hiyo ikiwa ghafi.

Serikali za ukanda huu zimejaribu njia nyingine. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani walipolalamika, Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda, iliyopandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha fursa yake ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza akiwa Mbale kwamba anaipiga marufuku mitumba, biashara iliendelea.

Kati ya marufuku isiyotekelezeka na soko lililoachwa huru, ipo nafasi ambayo sera hazijaitazama vya kutosha. Mafundi cherehani wanaorekebisha mitumba pembezoni mwa masoko tayari wana ujuzi ambao Magharibi inaulipia ghali. Wanachokosa ni mitaji, hati za kulinda ubunifu wao, na njia nafuu ya kuusafirisha.

Mitindo haidumu, na hamu ya wanunuzi wa New York na Paris yaweza kuhamia kwingine msimu ujao. Swali kwa Kampala, Nairobi, Kigali na Dodoma ni iwapo, mtindo huu utakapopita, utakuwa umeacha viwanda na majina yanayojitegemea, au marobota mengine tu ya nguo zilizochokwa na wenyewe.